Pima Goti, Bwana Anguyo

Mimi Mariam Poni, fundi cherehani wa Koboko, mdomo wangu haujawahi kuwa mtamu. Mwaka 1976 nilimleta Sadiya, binti wa marehemu dada yangu, mjini Arua akimbie mita mia nane kwenye uwanja wa gofu, pale ambapo enzi za Wazungu Mwafrika aliingia kubeba mifuko ya mabwana tu. Mshindi angekwenda Kampala kujiunga na timu ya taifa. Mmoja tu! Sadiya alikuwa amejifua miaka miwili akisubiri siku hiyo.

Bwana Anguyo, mkubwa wa michezo, akapanda juu ya meza. Wanariadha wetu, akasema, wamerudi kutoka michezo ya dunia kule Kanada bila kukimbia, maana Uganda haichezi na marafiki wa Makaburu wanaobagua watu. Tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Kisha akawaona wasichana na kaptura zao.

"Amri ya serikali iko. Mwanamke hapana onyesha goti. Nyinyi toka."

Nikamdakia. "Makaburu wanabagua rangi, wewe unabagua magoti?"

"Mama, funga mdomo. Goti likifunikwa, atakimbia."

Haya! Nikavua gurbaba yangu, ile shuka ya juu tunayojifunga wanawake wa Kinubi, nikabaki na gauni. Nikamfunga Sadiya kama tunavyofungana kwenda kucheza doluka harusini: kiuno kimekazwa, marinda nyuma, goti limesitirika na mguu una nafasi. Wenzake walibaki wakilia, akiwemo Driwaru, Mlugbara wa Adumi aliyemshinda mwaka uliopita. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, njia nyeupe.

"Mama mdogo, mfunge na Driwaru," Sadiya akasema.

"Una wazimu? Si ndiye aliyekushinda?"

"Ndiyo maana. Nikikimbia peke yangu, nitakuwa nimemshinda nani? Bwana Anguyo?"

Nikasonya, lakini alisema kweli. Nikawaita wanawake wenzangu, wakavua shuka zao, tukawafunga wasichana wote. Driwaru nilimfunga kwa mikono yangu, vizuri vilevile, Mungu ananiona.

Walikimbia bega kwa bega hadi kona ya mwisho. Hapo Sadiya akachomoka, akakata utepe hatua mbili mbele ya Driwaru. Nilipiga vigelegele huku nalia, nikamkumbatia mtu nisiyemjua.

"Nimeona goti!" Bwana Anguyo akapaza sauti. "Huyu hapana shinda!"

"Uongo!" Driwaru akajibu akihema. "Mimi nilikuwa nyuma yake. Pima!"

"Pima! Pima!" uwanja mzima ukadakia.

Rula ya kupimia magoti ilikuwa mfukoni mwa Bwana Anguyo. Ila kwetu mwanamke ndiye humpigia mwanamume magoti, na goti la msichana halipimwi mpimaji akiwa wima. Bwana Anguyo akatazama huku, akatazama kule, akapandisha suruali yake ya suti, akapiga magoti vumbini mbele ya Sadiya.

"Limefunikwa," akanong'ona.

"Sema kwa nguvu, bwana!" nikamwambia. "Na kabla hujainuka, andika jina lake, aende Kampala."

Akaliandika palepale, karatasi juu ya paja, magoti yake yote mawili chini.