Kamba ya Panzi

Mama alimkuta binti yake, Panzi, amepigishwa magoti mbele ya darasa, goti moja limevimba na linawaka moto.

"Amegoma kukimbia," mwalimu akasema. "Na jana aliruka kamba, mama. Anadeka tu huyu."

"Jana mifupa ilimpa likizo! Ugonjwa wake ndivyo ulivyo, mwili unajichoma wenyewe mifupani. Leo mzima, kesho hoi. Si nilikueleza, ukaitikia 'ndiyo, ndiyo'?"

Mama akambeba Panzi mgongoni, akatoka naye.

Nje ya lango Panzi akanong'ona, "Mama, nikipata nafuu nisiruke tena? Ili waniamini?"

Mama akasimama ghafla.

"Utaruka mpaka kamba ikatike, mwanangu! Na huyo mwalimu nitamshikisha ncha moja, aizungushe."