Kengele Isiyo na Namba

Profesa Stoyna Kaludova hakuwa na sauti ya kugombana na vijana, ndiyo maana alikuwa na kengele. Ilikuwa kengele ya kondoo, ya shaba, kubwa kama sufuria ndogo, na kila Jumatatu aliitingisha mara moja tu darasa zima likanyamaza. Wenzake wa makumbusho walimpa siku aliyowaaga, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuhifadhi vitu vya watu. Sasa alikuwa na miaka hamsini na minane, mwalimu mpya wa urithi wa utamaduni mjini Plovdiv, na kengele hiyo aliipenda kuliko shahada zake zote.

"Kitu cha watu hakiendi nyumbani kwako," aliwaambia wanafunzi siku ya kwanza. "Hata kikiwa kijiko. Hata wakikubembeleza." Wanafunzi wakaandika, naye akaridhika. Kinyozi hajinyoi.

Siku moja ya Machi, alipomaliza kipindi na kuifunga kengele mkobani, alimkuta mwanamke kijana amesimama mlangoni na mabuti yenye matope.

"Wewe ndiye uliyechukua kengele za babu yangu?"

"Babu yako nani?"

"Manol wa Yavorka."

Stoyna aliviweka vitabu chini. Alimkumbuka, na alitamani asimkumbuke. Mwaka wa tisini na mbili, shirika la ufugaji lilipovunjwa na kondoo wakagawanywa, Manol alizivua kengele zake kumi na mbili akazileta makumbusho ya Yavorka, kule milimani, kwa mkono wake. "Zitunze pamoja," alisema, "hizi ni jamaa moja." Stoyna, kijana mwenye cheti kipya na kichwa kilichovimba, alizitunza kama alivyofundishwa: alizichanganya na kengele za makundi mengine, akazipanga kuanzia ndogo hadi kubwa, vikaratasi vya majina ya wenyewe akavitupa. Zilipendeza kabatini, akapigwa picha ya gazeti. Lakini kwetu milimani mchungaji hachagui kengele kwa ukubwa. Anazichagua kwa sikio, moja moja, mwaka hadi mwaka, mpaka kundi likitembea liwe linaimba. Ukizitenganisha umebaki na shaba. Manol alikuja kutazama mara moja, akatema mate kizingitini, hakurudi tena.

"Mimi ni Zlatina," alisema yule kijana. "Nimenunua kondoo arobaini. Fundi yuko tayari kuniundia kengele kama zile, ila anataka azisikie zenyewe. Kabatini mwenu ziko sitini na tatu. Anayezijua ni babu peke yake, na masikio yake yanaziba. Daktari anasema kufikia kiangazi hatasikia hata radi."

"Mbona hukuja mapema?"

"Alikataa. Alisema wewe hawezi kukuomba hata maji."

"Na sasa amekubali?"

"Sasa nikimwambia ninakokwenda hanisikii."

Stoyna alicheka, kisha akaahidi kupanda Yavorka. Usiku ule hakulala vizuri, na ilimstahili.

Jumamosi ya kwanza ya Aprili alipanda Yavorka na wanafunzi tisa. Walipotawanyika uwanjani wakinunua kahawa, aliwakusanya kwa kengele yake kama kawaida, akairudisha mkobani. Rusi, aliyekuwa msaidizi wake na sasa ndiye mkuu wa makumbusho, aliwafungulia makabati.

"Ila haitoki hata moja, mama," alionya. "Ziko daftarini, kwa mwandiko wako mwenyewe."

Manol aliingia ameshikwa mkono na mjukuu wake, kofia ya kanisani kichwani. Stoyna alimsogelea.

"Mzee Manol, nilikosea."

"Unasemaje?"

"NILIKOSEA!"

Jengo zima lilisikia. "Hilo nalijua tangu tisini na mbili," alisema mzee, akakaa.

Elitsa, mwanafunzi mpiga fidla, alianza kuzigonga kengele kutoka ndogo kwenda kubwa. Manol alitega sikio.

"Umegonga?"

"Nimegonga, babu."

"Basi gonga tena."

Ndogo hakuzisikia kabisa. Za katikati alisema zinamjia kama mtu anayeongea nyuma ya ukuta, huwezi kujua ni nani. Kufikia ya arobaini alivua kofia akaiweka gotini. Zlatina alitoka nje asionekane akilia. Stoyna alisimama pale akijua kwamba amechelewa miaka thelathini, na hakuna mwingine wa kumlaumu.

Ndipo akasikia mvumo. Mzee alikuwa amefumba macho na midomo, anavumisha sauti puani bila kujua kwamba wengine wanamsikia, huku vidole vyake vikipita kimoja baada ya kingine kama anayehesabu kondoo langoni. Masikio yalikuwa yameziba, lakini koo lilikumbuka. Stoyna alipiga magoti mbele yake akamwandikia karatasini kwa herufi kubwa: IMBA KONDOO MMOJA MMOJA.

Manol aliisoma, akatikisa kichwa kushoto na kulia, ishara ya kukubali kwetu. "Huyu Sivka, alikuwa kilema," akasema, akaimba sauti moja. Elitsa alikimbia kabati hadi kabati akigonga na kusikiliza mpaka akapiga kelele: "Huyu hapa!" Wakaendelea hivyo hadi alasiri, wakila mkate wa jibini wa Zlatina juu ya vioo vya makabati, jambo ambalo Stoyna wa zamani angemfukuzia mtu kazi. Wakapata kumi na moja.

"Amebaki Karabash," alisema Manol. "Dume aliyewaongoza." Akaimba sauti nzito, ya chini kabisa. Elitsa alizijaribu zote zilizobaki, akarudia tena.

"Hayupo, babu," Zlatina alimwambia sikioni.

"Bila yeye hawa ni mayatima. Fundi akiwaiga, ataiga mayatima."

Elitsa ndiye wa kwanza kuutazama mkoba wa Profesa. Akafuata aliyekuwa karibu naye, mwishowe wote tisa.

Stoyna aliuvuta mkoba karibu. Kengele ile haikuenea kabatini, ikakaa stoo miaka mingi, imedondosha karatasi yake ya namba, na kila alipoulizwa alijibu mwenyewe: haina namba, haina mwenyewe. Ndiyo maana walimpa. Angeweza kunyamaza, na asingeshitakiwa na mtu. Sitampamba: aliliwaza hilo, tena kwa muda wa kutosha kujionea haya.

Kisha akafungua mkoba. "Andikeni na hili," aliwaambia wanafunzi. "Nilikwenda nayo nyumbani." Akaitingisha mara moja.

Manol alifumbua macho. "Nani amemgusa Karabash?"

"Babu! Unasikia?"

"Usinipigie kelele, nasikia! Tingisha tena, binti."

Sauti nzito ndizo za mwisho kumhama mzee. Stoyna alitingisha mpaka mkono ukauma, na alilia waziwazi mbele ya wanafunzi wake, wala hakujali.

Elitsa alizirekodi zote kumi na mbili kwenye simu kwa ajili ya fundi. Rusi akaja na daftari na kalamu. "Hii tuiandike sasa hivi. Namba sitini na nne."

Stoyna alifunika ukurasa kwa kiganja. "Ukiiandika haitoki."

"Ndiyo sheria, mama."

"Basi usiandike. Miaka yote nilisema haina mwenyewe. Mwenyewe si huyo hapo amekaa?"

Rusi aliitazama kalamu, akamtazama mzee, akaitia kalamu mfukoni. "Mimi sijaona kengele yoyote," alisema, akaenda kuchemsha kahawa.

Siku ya Mtakatifu Georgi, mwezi wa Mei, kondoo arobaini wa Zlatina walipandishwa mlimani. Kengele mpya kumi na moja bado zilikuwa zikiundwa kwa fundi. Ya dume ilikuwa shingoni mwa dume. Stoyna alikuja na wanafunzi wake, ambao sasa walimchelewesha kila mahali.

"Unawakusanyaje bila kengele?" Manol alimuuliza.

"Nashindwa!"

"Piga mluzi." Akamfundisha kuweka vidole mdomoni, akamcheka, kisha akachukua fimbo yake akamfuata dume. Alisema atatembea mpaka asipoisikia kengele tena, hapo atageuka. Zlatina alidhani ni hatua ishirini, akamwekea kiti langoni. Kiti kilikaa kitupu asubuhi nzima.