Ukuta wa Jikoni kwa Ildephonse

Harufu ya chokaa mbichi ilimpokea Adélaïde mlangoni, akajua kabla hajaona. Akapita sebuleni, ambako michoro ya marehemu kaka yake Ildephonse ilikuwa imetundikwa vizuri, akaenda moja kwa moja jikoni. Ukuta ulikuwa mweupe pe.

Wakati wa vikwazo vya biashara, rangi zilipokosekana madukani, Ildephonse alichora kwa mkaa kwenye ukuta huo. Alichora majirani kumi na mmoja wa mtaa wa Kanyosha waliouawa siku moja. Nyumba zao ziliteketea pamoja na picha zao zote. Sura zao zilikuwa zimebaki hapo tu.

"Régis! Nani amepaka huku?"

Régis, mkuu wa kamati ya makumbusho, alikuja amevaa tai. Nyumba ya msanii ilikuwa inafunguliwa leo kuwa makumbusho, na matanga yake, yaliyocheleweshwa na vita miaka mitano, yangeondolewa.

"Ni mimi, dada. Nyumba ya kuondoa matanga haiachwi na masizi."

"Masizi? Usinifanye mujinga. We uliwajua wote, mmoja mmoja."

Régis akashusha sauti. "Wageni watatoka pande zote. Wenye walifanya vile, na ndugu zao, watakula na sisi hapa. Mutu akiona ile ukuta... Watu wamechoka na vita."

"Kwa hiyo wafu ndio wajifiche! Wauaji unawapangia viti, waliouawa unawafuta! Mara ya kwanza wauaji hawakukuuliza. Mara hii umewasaidia bila kuombwa."

Akachota maji, akausugua ukuta kwa kitambaa. Chokaa ikatoka, na mkaa ukatoka nayo. Maji ya kijivu yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Hapakuwa na jicho wala shavu chini yake. Akakitupa kitambaa kifuani kwa Régis.

Nje sauti ya mwanamke ilipiga hodi. Alikuwa Léoncie, aliyehamia Ruziba baada ya mauaji, ambaye kila Jumapili alikuja kukaa mbele ya sura ya mwanawe Jimmy.

Régis akageukia mlango wa nyuma. Adélaïde akamzibia njia.

"Apana. Hautoki. Mama Jimmy anaingia, na ni wewe utamwambia."

Léoncie alishafika kizingitini, na kitenge chake kipya. Akautazama ukuta.

"Mutoto wangu iko wapi?"

Adélaïde alimkazia Régis macho, akangoja.