Shingo Yangu na Sahani ya Shangazi

Shangazi Shedlia ni mchoyo, na mji mzima wa Kairuan unalijua hilo. Basi aliponiletea sahani ya makrudi, vile vitamu vya tende, yamelowa asali, nikajua nakufa.

Yalianza baada ya mafua. Mafua yenyewe yalikwisha, halafu shingo ikaanza kuuma kwa mbele, maumivu yanapanda hadi sikioni, hata mate sikuweza kumeza. Nimekaa tu, moyo unanienda mbio, mikono inatetemeka. Kwetu koo likiuma hukimbilii hospitali, unakwenda kwa anayejua kuinua mafindofindo, na fundi wake ni Shangazi. Akachovya dole gumba kwenye mafuta ya zeituni, akanibana shingo akisukuma juu. Wallahi niliona nyota. Mara akaacha kusukuma, kidole kimegusa kitu kigumu. Akafuta mkono, akaniita mwanangu, neno ambalo hajawahi kuniita tangu nizaliwe.

Mama yangu alikufa kwa saratani ya shingo. Nyumbani hatuitaji kwa jina, tunasema "ule mbaya". Safari hii watu wa nyumbani hata hilo hawakulisema, walinipikia tu. Mume wangu Munsif akawa anaosha vyombo. Wema wao ulinitia hofu mpaka nikawa najificha bafuni kulia.

Munsif ndiye aliyenipeleka hospitali. Siku ya majibu, Daktari Rafika alipomaliza kunipiga picha ya shingo, mume wangu alikuwa anatazama viatu vyake. Nikauliza mwenyewe.

"Ni ule mbaya?"

"Hapana, dada. Ni tezi yako, hii ya mbele ya koo. Mafua yameondoka, yameiachia moto. Imevimba, inamwaga homoni ovyo, ndiyo maana moyo unakimbia."

Akasema ule mbaya kwa kawaida huanza kimyakimya, hauji na makelele namna hii, na picha na damu havikuonyesha dalili yake. Angenipa dawa za kutuliza uvimbe na za kupoza moyo, na damu ingepimwa tena, maana tezi ikishamwaga akiba yake inaweza kulegea kabla ya kupona. Wengi hupona kabisa. Kisha akauliza nani kanibana hivi mpaka nina alama. Nikamweleza.

"Mwambie shangazi yako mafindofindo hayakai hapo," akasema. "Alikuwa anachochea kuni."

Nje Munsif alikaa kwenye ngazi, akalia waziwazi mbele za watu. Nikamcheka, halafu nami nikalia. Nilisikia njaa kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Tulipofika nyumbani nikampigia Shangazi simu. Akamshukuru Mungu weee, mpaka sauti ikamkauka. Kisha akakohoa.

"Sasa we Rabiha, sahani yangu utairudisha lini? Na yale makrudi, usije ukayala yote!"

Hapo ndipo nilipoamini kweli kwamba sifi.