Namba ya Kurudia

Jumanne moja ya mwaka 1997, Waziri alisimamisha kamioneti yake mbele ya kibanda cha Rachid, fundi redio wa Magarama, mjini Gitega, ili abadilishiwe betri za gemu ya mkononi aliyoichezea kila msafara wa magari ulipochelewa kuondoka. Rachid alimwonyesha kidude cha plastiki kinachochomekwa kwenye kaseti ili kuidanganya gemu.

"Iko na namba mbili. Moja ya kupita kwenye ukuta, ingine ya kukufa na kurudia. Inakamata moja tu, na ikishaingia haitoke."

"Weka ya kurudia, kaka. Kwenye ukuta nitapitaje, mi ni panya?"

Gemu ikauliza jina la mchezaji. Mwingine angeandika lolote. Waziri alikuwa amepita vizuizi vya miaka minne ya vita, akijua kwamba mwenye jina la uongo huuawa wa kwanza. Akaandika lake kamili.

Alikuwa anakwenda Buhinyuza, huko Muyinga, na vitenge vilivyoshonwa pindo na mkewe, Kadidja. Macho ya mama yake aliyeishi huko yalikuwa yanakwisha, naye alitaka kumwona mwanawe kabla hayajazima.

Njiani alikuta mti umelazwa barabarani. Wenye bunduki wakampiga risasi, wakachukua vitenge. Saa nne asubuhi Waziri alikuwa mlangoni kwake Magarama, kamioneti imejaa vitenge vilevile, shati lina matundu mawili.

"Umekufa, Baba Husni?" Kadidja aliuliza.

"Kidogo."

"Vua nishone."

Alhamisi alikufa tena. Wiki iliyofuata alimpakia Donatienne, muuza samaki wa ndagala kutoka Uvira. Waziri alirudi, kiti cha Donatienne kilirudi kitupu. Mumewe, Mugisho, alikwenda kwa Rachid.

"Na wangu?"

Rachid alikigeuza kidude, akasoma maandishi ya nyuma. "Ni cha mchezaji mmoja, mzee. Pole sana."

Tangu siku hiyo hakuna abiria aliyepanda.

Watu wa kwenye mti walimzoea. Walifungua meza ya vitenge pale pale, na tangu mwezi wa tatu walimpiga kichwani tu, kwa kumhurumia Kadidja na sindano yake.

"Waziri, hii ya manjano haitoke," mmoja alimwambia. "Kesho leta bulu."

Waziri aliomba namba ya ukuta. Rachid alisema, "Si nilikuambia?"

Mwezi wa tano, muuza ndizi alileta salamu za mama kutoka Buhinyuza: "Mwanangu, vitenge vyako vinafika huku kila soko. Nimevipapasa, nimelijua pindo la Kadidja. Macho yamezima. We unafika lini?"

Waziri alimaliza chai yake, akavaa shati. Kadidja alikuwa anafunga kamba za turubai.

"Bulu nimeiweka juu," alisema, "wasihangaike kuitafuta."