Kimya cha Mpiga Besi

Tuk. Tuk, tu-tuk. Alfajiri, giza bado zito, Teodora alisikia kidole kikigonga kikombe cha bati upande wa pili wa ukuta. Akajua baba yake ameamka, na kwamba anaogopa.

Miaka ishirini na miwili mzee Masalu alipiga gitaa la besi katika bendi ya jazz ya kiwanda cha nguo, amesimama nyuma, kimya, waimbaji wakishangiliwa mbele. Kiwanda kilipouzwa, bendi ikafa. Sasa mjini Mwanza imefunguliwa redio ya mtu binafsi, na wamemwita wamjaribu asubuhi moja tu, atangaze muziki wa zamani. Akiweza, kazi ni yake.

"Shikamoo, baba. Sasa gitaa la nini? Si wamekuita kuongea?"

"Marahaba. Mikono niiweke wapi, Teo?" Akalifunga gitaa kwenye baiskeli, akaondoka Mkolani kuelekea mjini.

Saa moja kasoro, jirani yao mama Winnie alishajileta na kigoda chake mbele ya redio.

"Masalu atangaze? Mtu hata salamu anakujibu kwa kichwa!"

"Subiri, mama Winnie." Teodora akampakata bintiye Odeta, wa miaka minne.

"Hamjambo, wasikilizaji," ilisema redio. Kisha kimya. Kimya kikarefuka. Uji ukafurika jikoni, hakuna aliyeinuka.

"Betri hizo," mama Winnie akanong'ona.

Si betri. Teodora alimjua baba yake: besi huanza, halafu husubiri wenzake waingie.

"Ingia, baba," alisema. "Ingia mwenyewe!"

Mara nyuzi nene zikasikika, polepole, tuk, tu-tuk.

"Mnisamehe," sauti ikarudi. "Nimezoea kuanza, halafu namngoja mwimbaji. Leo nimegeuka huku na huku, hayupo. Basi ni mimi. Mnaongoja kivuko Kamanga, mnaoanika dagaa Nyegezi, nani anaukumbuka wimbo ulioanza hivi?"

Mama Winnie aliruka, kigoda kikaenda upande. "Mimi! Tuliucheza siku ya harusi yangu!" Akacheza hapohapo, khanga ikimdondoka.

Mchana Masalu alirudi akisukuma baiskeli, jasho tele, meno yote nje.

"Wamesema nije kesho. Na keshokutwa. Na gitaa nije nalo."

Teodora akalipokea gitaa, akicheka huku akijifuta macho. Odeta alimtazama babu yake juu mpaka chini, mikono kiunoni.

"Babu, kesho usinyamaze."