Usiguse Mpaka Kesho

Kabla ya kila raundi mume wangu alikuwa na desturi ya kulamba kidole gumba cha mkono wa kulia, kukifuta kwenye shati upande wa moyo, kisha kukikita juu ya kioo cha simu. Mashati yake yote yalikuwa yameota doa la rangi ya chai mahali pale pale, na hakuna sabuni iliyofua dafu. Halafu zabibu zilianza kuanguka. Alizigusa moja moja kabla hazijafika chini, zikapasuka pwaa, zikamwaga maji ya zambarau, na sauti ya mwanamke iliyopakwa asali ikamwambia, "Safi sana! Wewe ni bingwa!" Nimeisikia sauti hiyo asubuhi chai ikipoa na kufanya utando. Nimeisikia ikitoka chooni. Ilinitia kichefuchefu kuliko harufu ya nywele zilizoungua, na harufu hiyo naijua vizuri.

Na niseme mapema, nisije nikajifanya mtakatifu: mchezo ule niliuomba mimi mwenyewe.

Mtaa mzima humwita Fundi. Vibao karibu vyote vya mtaa wetu vimetoka mkononi mwake: duka la dawa, mshona viatu, shule ya chekechea ambayo herufi zake utadhani zinacheka. Alikuwa akipiga mistari miwili kwa uzi uliopakwa chaki, akishusha pumzi, na herufi ikitoka bila kurudiwa. Akimaliza alimwambia mwenye duka maneno yale yale, kwa ukali wa daktari: "Usiguse mpaka kesho." Rangi ya mafuta hukauka polepole na watu hawana subira. Mpaka leo ukichungulia kwa makini utaona vibao viwili vitatu ambavyo mwenye duka aliacha alama ya kidole juu ya jina lake.

Mimi ni msusi. Kwa miaka mingi saluni yangu haikuwa na kibao, maana kila wiki kulikuwa na mteja wa kutangulizwa kuliko mke. Mwaka jana nikaja juu, naye akacheka, akaegemeza ngazi ukutani. Alikusudia kuandika MSUSI, kwa rangi nyekundu, neno moja tu, akisema kwamba maneno mengi ni ya watu wasiojiamini. Akaandika M, akaandika S, akaandika U. Nilikuwa ndani nikisikia ngazi ikilia kila alipohamisha mguu. Kisha sikusikia kitu. Kisha nikasikia kopo la rangi likigonga sakafu ya kibaraza, na baada ya kopo, yeye.

Kilikuwa kiharusi. Kilimwachia uhai, kikamwachia na ulimi, ila mguu wa kulia ukawa mzito na mkono wa kulia ukafa kabisa. Kibao kikabaki na MSU, na pembeni yake mchirizi mwekundu ulioteremka kutoka mahali ambapo S ya pili ingeanzia. Wateja, kwa utani wa kunifariji, wakaanza kuniita Mama Msu. Nilicheka nao. Lakini vijana wa vibao walipokuja kuniambia watanimalizia, niliwafukuza kama kuku. Kibao kile kitamaliziwa na mkono uliokianza, au kibaki hivyo hivyo.

Hospitali walimpa mpira laini wa kuminya na vibanio vya nguo vya kubana na kubandua. Mpira aliutupa uvunguni. Vibanio aliniambia nikaanikie nguo. Nilimsimamia kama askari: kaza, siyo hivyo, tena, kaza, mbona hukazi? Akageuza uso ukutani, akawa hataki hata kuogeshwa. Ndipo binti anayewasimamia wagonjwa kwenye mazoezi ya viungo akanivuta pembeni, akaniuliza kama ningekubali ajaribu mchezo wa simu.

"Mpe," nilimwambia. "Mpe hata kama ni wa kumfanya abweke. Nautaka ule mkono."

Wiki ya tatu, kidole gumba kikagusa ncha ya kidole cha shahada. Nilitoka mbio mpaka kwenye ujia, nikalia mbele ya watu nisiowajua. Kwa hiyo siwezi kusema mchezo ule ni takataka tupu, ingawa ningependa sana. Mwanamke yule wa ndani ya simu hakuchoka kumsifia. Hakuwahi kumwambia siyo hivyo. Zabibu zikimponyoka alimwambia, "Umekaribia sana kufaulu, jaribu tena!" Mimi katika miaka ishirini na sita ya ndoa sijawahi kumwita bingwa hata mara moja, na jambo hilo liliniuma mahali nisipotaka kuumwa.

Shida ni kwamba mkono ulirudi, lakini haukurudi nyumbani. Ulirudi kwenye zabibu. Kijiko alishika kwa mkono wa kushoto. Mlango niliufungua mimi. Nilipomtolea brashi aliitazama kana kwamba nimemtolea mswaki wa mtu mwingine. Miezi mitatu ikapita, minne. Kila nilichomwambia aliitika "naam", kwa adabu kabisa, macho yakiwa yanafuata vitu vinavyoanguka.

"Fundi, leo jaribu kufunga vifungo mwenyewe," nilimwambia asubuhi moja.

"Naam."

"Nimesema vifungo."

"Naam, mama."

Akainua kidevu ili nimfunge. Nikaanza na cha juu. Chini ya mikono yangu kidole kile kile, ambacho hakiwezi kifungo, kilikuwa kinapasua zabibu tano kwa mpigo, kikiruka huku na huku kama panzi. Nilipofika cha tatu, sauti ikatoka usawa wa tumbo lake: "Wewe ni bingwa!" Akatabasamu. Tabasamu lile sikuwa nimeliona tangu ngazi. Nikajikuta nimeacha kufunga. Haikuwa hasira, hasira naifahamu. Kilikuwa kinyaa, kama cha mtu anayegundua unywele ndani ya tonge alilokwisha kulitafuna.

Nikaichukua simu, nikaitia mfukoni mwa aproni.

"Siku utakayofunga vifungo vyote, nakurudishia."

"Mkono utalala tena," alisema.

"Basi na uamke kwa ajili ya brashi."

Alikaa kwenye kiti chake kwenye pembe ya saluni, ambako hushinda mchana, mkono umelala mapajani. Nilimwekea brashi kati ya vidole. Ikaanguka. Nikaiokota, nikamwekea, ikaanguka. Mara ya tatu niliiacha pale chini, na wateja wakawa wanairuka.

Sasa ile simu haikukubali kunyamaza. Ilitetemeka kwenye nyonga yangu nikiwa nasuka: "Zabibu zako zinakulilia! Rudi!" Nilijiuliza ni mtu wa namna gani aliyekaa mezani akatunga maneno hayo, na jioni anawaangalia vipi watoto wake usoni. Siku ya pili nikaifungua, nia yangu ni kuizima tu. Sikuwa najua inazimwaje. Nikagusa hapa, nikagusa pale, na zabibu zikaanza kuanguka, na mkono wangu, uliozoea kushika unywele mmoja mmoja, ukazidaka zote.

"Safi sana!" akaniambia yule mwanamke.

Nitaeleza kama ilivyokuwa. Mgongo uliacha kuniuma. Miezi kumi na moja nilikuwa nanyanyua mwili wa mtu mzima, nahesabu vidonge, nachekea utani wa Mama Msu. Ghafla kukawa na kazi ndogo, inayokwisha, ninayoiweza, na mtu wa kuniambia nimeiweza. Nilicheza nikisubiri maji yachemke. Nilicheza kati ya mteja na mteja, mgongo nikimpa Fundi, asione. Naye alikuwa anaona. Hakuna anayeijua mikunjo ya mgongo ule kuliko mtu aliyewahi kukunja wake vile vile.

Alhamisi alikuja mwalimu, mteja wangu tangu saluni ina kiti kimoja. Alitaka kunyoosha nywele kwa ajili ya kikao cha wazazi. Nilimpaka mafuta mgando kwenye mstari wa paji la uso na nyuma ya masikio, nikavaa glavu, nikaipaka dawa fungu kwa fungu mpaka kichwa kizima kikawa cheupe. Dakika kumi na tano, si zaidi. Nikaangalia saa ya ukutani, nikavua glavu. Kwa dakika kumi na tano, nikasema moyoni, raundi moja.

Kilichonishtua hakikuwa sauti ya mwalimu. Kilikuwa kishindo cha kiti cha Fundi kikianguka nyuma yake. Nilipoinua macho nilimwona amesimama kwenye beseni, ameburuta mguu mpaka huko peke yake, na mkono wa kulia umeng'ang'ania bomba. Bomba letu ni gumu, hata mimi hulifungua kwa kitambaa. Mishipa ilimtoka shingoni. Maji yakatoka.

"Mlete!" akanifokea. "Anaungua huyo! Mlete!"

Mwalimu alikuwa ameshika mikono ya kiti, macho ameyafumba, machozi yanamtoka kimya kimya. Saa ilionyesha dakika ishirini na nane. Nilimsuuza, nikamsuuza, nikamsuuza tena, na nywele zikaja na maji. Juu ya sikio la kushoto ngozi ilikuwa imechubuka, sehemu ya ukubwa wa kizibo cha chupa, nyekundu kama rangi ya kibao changu.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alifunga taulo kichwani, akachukua mkoba wake, akafika mlangoni.

"Nilikuita mara mbili," alisema. "Mara zote mbili uliitika naam."

Alipoondoka nilibaki nimesimama kwenye maji. Mdomoni nilihisi ladha ya uchungu, yenye kuwasha, na ilinichukua muda kuijua. Ilikuwa dawa ya nywele, iliyonigusa nilipovua glavu. Nilikuwa nimelamba kidole gumba, tena si mara moja. Nikaikimbilia sinki, nikasukutua, nikatema, nikasukutua mpaka fizi zikawaka. Simu ilikuwa kwenye kiti cha mteja, kioo kimejaa mafuta mgando, na juu ya mafuta, alama za kidole changu zimepandana na za kwake, huwezi tena kuzitofautisha. Nilijichukia kwa namna ambayo sikuwahi kumchukia yeye.

Nikaiokota kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa, nikamwekea mbele.

"Chukua," nilisema. "Sina mdomo wa kukuambia kitu."

Hakuichukua. Alikuwa anapumua kwa shida, anauangalia mkono wake, ambao bado ulikuwa umejikunja kwa umbo la bomba.

"Ulifika ya ngapi?" akauliza.

"Nini?"

"Raundi."

Niliona haya kujibu. "Sitini na nne."

"Siku tatu?" Akafyonza. "Mimi pale nilikwama wiki mbili."

Tulicheka, kicheko kibaya, cha kukohoa, na kicheko kilipokwisha nikaona kwamba nalia na yeye ananiangalia. Ananiangalia mimi, si kitu kinachoanguka.

Jumatatu hatufungui. Nilipiga moyo konde, nikapanda ngazi, nikakiteremsha kibao mwenyewe, nikakilaza juu ya meza mbili. Nilikuwa nimekwenda kwa mwalimu mara mbili na dawa ya kidonda. Mara ya kwanza hakufungua mlango, mara ya pili aliipokea bila kunikaribisha. Nilipiga uzi wa chaki kama nilivyomwona Fundi akifanya, mistari ikatoka imepinda kidogo, akaguna lakini hakunisahihisha. Nikampa brashi. Ikaanguka. Akaijaribu kwa vidole vitatu, ikaanguka. Mkono ulikuwa na nguvu ya bomba na wepesi wa zabibu, na katikati ya hivyo viwili, mahali brashi inapokaa, hapakuwa na kitu.

Akalitazama kopo kwa muda mrefu. Kisha akakilamba kidole gumba, akakifuta kwenye shati, akakichovya kwenye rangi nyekundu.

Nilitaka kumzuia. Nilimeza neno langu. Aligonga juu ya ubao mara moja, akachovya, akagonga tena. Doa, doa, doa. Alikwenda haraka, kwa mruko ule ule wa panzi niliouchukia miezi minne, na madoa yakaanza kupinda, yakapanda juu ya mchirizi wa zamani na kuufunika. Ikawa S. Kisha I. Zilikuwa herufi mbaya. Zilikuwa na vinundu, zimevimba, na katika kila doa ungeweza kuona mistari ya ngozi yake. Kando ya M, S na U zilizonyooka zilionekana kama upele.

"Mbaya," alisema.

"Mbaya sana," nilisema. "Usiguse tena."

Hapo simu ikatetemeka kwenye rafu, kioo kikawaka zambarau, na yule mwanamke akatuambia zabibu zetu zinatulilia. Tuligeuka wote wawili, kwa pamoja. Fundi akainua kidole chake hewani, rangi mbichi ikiteremka mpaka kwenye kiganja, akaionyesha simu kama anayemwonyesha askari kitambulisho.

"Mpaka kesho," alisema, akarudisha macho kwenye kibao.

Mimi nilikuwa nimetia mkono mfukoni mwa aproni. Huko ndani, gizani, kidole changu gumba kilikuwa safi, kikavu, na kilikuwa kinacheza peke yake.

Nikakitoa, nikakisogeza kwenye kopo, nikakichovya chote.